Shajara ya mradi: nini kinaharibu mapezi ya mbuna wangu

Jumamosi, 13 Januari 2024. Hali ilivyo

Tangi ni la lita 300 (sentimita 120 kwa 50 kwa 50). Liko sebuleni, Dar es Salaam, na limekuwa na samaki kwa zaidi ya mwaka. Ndani kuna mbuna 14, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa: labidochromis wa njano sita, zebra wekundu watano na auratus watatu. Maji ni ya kisima. Chujio ni la kopo lililofungwa ambalo maji ya tangi hupitishwa ndani yake, linakaa chini kwenye kabati, na kuna sponji moja inayoendeshwa na pampu ya hewa.

Tangu mwishoni mwa Desemba mapezi yanaharibika. Samaki saba kati ya 14 wana kasoro, na kila niliyemwonyesha picha amenijibu vilevile: mapezi yanaoza, weka dawa. Sitaanza na dawa. Kuoza kwa mapezi ni ugonjwa wa kweli, lakini bakteria wanaouleta, hasa Aeromonas na Pseudomonas, wamo majini siku zote. Humsubiri samaki ajeruhiwe au adhoofike ndipo waingie. Ukiwaua leo na kile kilichomjeruhi samaki bado kipo, wiki ijayo unarudi dukani. Ninachokitafuta humu ni hicho kilichowatangulia bakteria, na ninaandika kwa hatua ili mwenye shida kama hii aweze kurudia.

Jumapili, 14 Januari. Picha kabla ya kugusa chochote

Picha za kawaida hazikufaa. Mwanga wa simu unagonga kioo na kurudi, pezi linaonekana kama kivuli tu. Kilichofaa: zima taa ya chumba, mtu mmoja ashike tochi nyuma ya tangi au pembeni, mwingine apige picha kutoka mbele. Mwanga ukipita ndani ya pezi, kila kijiti kinachoshikilia utando kinaonekana, na kila mpasuko pia.

Baada ya kuzikuza picha, niligundua kwamba sina tatizo moja. Labidochromis watatu na zebra mmoja wamekatika mkia na ncha ya nyuma ya pezi la mgongoni. Mkato una umbo la nusu duara, ukingo wake ni safi, na vijiti vimekatika pamoja na utando kwa kiwango kimoja. Zebra wengine wawili wana kitu tofauti kabisa. Ukingo wa pezi una mstari mweupe mwembamba, utando umeliwa katikati ya vijiti hadi vijiti vimebaki vimechomoza peke yake, na kwenye shina la mkia kuna michirizi myekundu ya damu. Kwao hata mapezi ya kifuani yameguswa. Samaki wa saba, labidochromis, pezi lake la kifuani limepasuka mara moja kufuata kijiti, kuanzia ukingoni hadi katikati, na hakuna sehemu iliyopotea.

Mahali palipoharibika panasema mengi. Samaki anayekimbizwa huumwa nyuma: mkia, ncha ya pezi la mgongoni, pezi la chini karibu na mkia. Maji mabaya hayachagui pezi.

Nilihakikisha pia kwamba hakuna mgeni aliyeingia na samaki niliowanunua mwisho. Ziwa Nyasa lina samaki anayeitwa Genyochromis mento ambaye chakula chake ni magamba na mapezi ya wenzake, na Tanganyika lina Perissodus microlepis, mla magamba ambaye mdomo wake umepinda kushoto au kulia. Kwangu hayupo yeyote kati yao.

Jumanne, 16 Januari. Maji

Nilinunua kipimo cha matone (Sh 135,000). Ndicho kitu ghali kuliko vyote katika mradi huu, na ndicho ambacho nisingekiacha. Vile vya karatasi ni rahisi ila vingi havipimi amonia, na amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, ndiyo ninayoitaka.

Tangi, kwa miligramu kwa lita: amonia 0.25, nitriti 0, nitrati 80 (nitriti na nitrati ndizo bakteria wanazozitoa kwenye amonia). pH (kipimo cha tindikali ya maji) 8.2, joto nyuzi 29.

Amonia ya 0.25 inaonekana ndogo. Lakini kipimo hiki husoma jumla ya amonia, na sehemu yenye sumu hutegemea pH na joto. Kwenye pH 7 na joto hili, sehemu hiyo haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8.2 ni kiasi cha asilimia 10. Mfugaji wa samaki wa maji ya tindikali anaweza kuiona 0.25 akalala usingizi. Mwenye mbuna hawezi.

Kisha nikapima maji ya kisima yenyewe, kabla hayajaingia kwenye tangi. Nitrati 40. Kwa hiyo hata ningebadilisha maji kila siku, nitrati isingeshuka chini ya 40. Pima maji unayotia, usiishie kupima yaliyomo. Ni dakika tano tu.

Jumamosi, 20 Januari. Jaribio la dawa, limeshindwa

Ushauri wa dawa ulikuwa mwingi kiasi kwamba niliona bora niujaribu nje ya tangi kubwa, ili jibu liandikwe. Duka la dawa za mifugo, muuzaji akanipa unga wa OTC wa kuku, dawa ya kuua bakteria: "Kaka, chukua hii. Samaki naye si mfugo?" Sh 4,500. Beseni kubwa la lita 40, Sh 9,000. Nikatia maji ya kisima, kijiwe cha hewa, zebra mmoja mwenye ukingo mweupe na labidochromis mmoja aliyekatika mkia.

Matokeo: povu juu, maji yakageuka rangi ya chai ya rangi, na mstari mweupe wa zebra ukaendelea kupanda. Amonia kwenye beseni ilifika 1 kwa sababu hapakuwa na chujio lililokomaa. Nikasimamisha jaribio na kuwarudisha.

Kilichotokea kinaeleweka. OTC ni oxytetracycline, na dawa za jamii hiyo hujifunga na kalsiamu na magnesiamu. Maji magumu ya kisima, ambayo ndiyo mbuna wanayoyapenda, huishika dawa kabla haijaingia mwilini mwa samaki. Unaongeza kipimo, maji yanazidi kuchafuka, samaki hapati kitu. Na ukiitia kwenye tangi kubwa, unahatarisha wale bakteria wa chujio wanaokula amonia. Kwa mtu mwenye maji magumu, unga huu ni hela iliyomwagwa. Maji ya dawa niliyaacha juani siku kadhaa kabla ya kuyamwaga, maana mwanga huivunja dawa hiyo.

Jumatano, 24 Januari. Vikapu

Hili ndilo jaribio ninaloomba kila mtu alifanye kabla ya kununua dawa yoyote. Wazo lenyewe: mwache samaki kwenye maji yaleyale, ila mwondolee majirani. Akipona, majirani ndio waliomuumiza. Asipopona, tafuta kwenye maji.

Nilinunua Kariakoo vikapu viwili vya plastiki vyenye matundu, vile vya kubebea mboga (Sh 7,000 vyote). Chupa tupu zilizofungwa pembeni zinavifanya vielee. Kikapu cha kwanza nikamweka labidochromis mwenye mkia uliokatwa. Cha pili, zebra mwenye ukingo mweupe. Zebra wa pili mwenye ukingo mweupe nikamweka kwenye beseni lililooshwa vizuri, kwenye maji ya bomba yaliyolazwa na kupigwa hewa, ninayoyabadilisha nusu kila siku. Kwa hiyo kuna samaki aliyeumwa katika maji ya tangi, mwenye ukingo mweupe katika maji ya tangi, na mwenye ukingo mweupe katika maji mengine.

Vikapu vilinipa shida ambazo inafaa uzijue mapema. Matundu yalikuwa makubwa, na siku ya kwanza tu nilimkuta mmoja wa auratus chini ya kikapu anamdonoa labidochromis kupitia tunduni, jambo ambalo lingeharibu jaribio zima. Nikaweka ndani kipande cha chandarua cha zamani kisicho na dawa, nikakishona kwa uzi wa kuvulia. Chandarua kisiwe chenye dawa, kwa sababu viuatilifu vya vyandarua ni sumu kali kwa samaki. Pili, plastiki ya vikapu vya bei hii ina ncha za kukata ndani, zilizobaki kiwandani. Pitisha kidole kote, zikate na uzisugue, la sivyo kikapu chenyewe kitampasua pezi. Tatu, funika juu. Mbuna huruka.

Jumamosi, 3 Februari. Majibu ya vikapu

Labidochromis: kwenye mkato wa nusu duara kumeota ukanda mwembamba usio na rangi. Ukimtazama kwa haraka utadhani pezi bado halipo, lakini kwa tochi kutoka nyuma unaona utando mpya na vijiti vinavyofuata njia ya vile vya zamani. Pezi jipya huanza hivyo, rangi huja baadaye. Wengi hulichanganya na ukingo mweupe wa ugonjwa. Tofauti ni kwamba jipya linapitisha mwanga, la ugonjwa limefifia kama lina ukungu na kingo zake zimechanika.

Kwa wanaotaka kujua wangoje muda gani: Danio rerio, samaki mdogo wa maabara ambaye amechunguzwa sana kwa jambo hili, huotesha mkia uliokatwa kwa kiasi cha wiki mbili katika nyuzi 28. Hesabu kwa wiki, usihesabu kwa siku.

Zebra wa kikapuni: mstari mweupe umepanda kidogo. Zebra wa beseni: umesimama, na michirizi ya damu imepungua sana.

Kwa hiyo tangi moja lina mambo mawili yanayotokea kwa pamoja. Kuna anayeuma, na kuna maji yanayowadhoofisha baadhi yao hadi bakteria wanapata nafasi. Dawa isingegusa hata moja.

Niliuondoa pia uwezekano wa columnaris, kwa sababu nao huanza na weupe na hupenda maji ya joto. Ugonjwa huo (Flavobacterium columnare) katika nyuzi 29 hukimbia. Samaki anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, na mara nyingi kuna doa lililopauka mgongoni mfano wa tandiko la punda. Wangu wanakula, doa hakuna, na uharibifu unakwenda polepole. Ukiona unakimbia, usipoteze muda na vikapu. Mtenge samaki siku hiyohiyo na utafute mtaalamu wa mifugo.

Jumapili, 11 Februari. Anayeuma

Kurekodi usiku hakukusaidia. Niliweka simu kwenye stuli na taa nyekundu hafifu, nikapata video ndefu za samaki waliolala kwenye nyufa za mawe na simu iliyojaa. Nilipohamishia kurekodi asubuhi, kuanzia taa ya tangi inapowaka hadi baada ya chakula cha kwanza, kila kitu kilionekana ndani ya nusu saa. Ukiwa mbele ya kioo samaki wanakutazama wewe, wanasubiri chakula. Weka simu, toka chumbani.

Mpwa wangu ndiye aliyeniuliza swali la maana tulipokuwa tunaangalia video: "Mjomba, mbona auratus wa njano wamebaki wawili?" Walikuwa watatu. Yule wa tatu yupo, ila si wa njano tena. Auratus wachanga na majike ni wa njano wenye milia myeusi. Dume anayeshika himaya hugeuka: njano huzama kwenye weusi, na milia iliyokuwa myeusi hubaki ya samawati iliyopauka. Nikarudi kwenye picha za zamani za simu. Novemba wote watatu walikuwa njano. Katikati ya Desemba mmoja ameanza kuwa na rangi ya moshi tumboni. Mapezi ya kwanza kukatika ni ya mwishoni mwa Desemba.

Kwenye video anatoka chini ya jiwe kubwa la kushoto, anamfuata labidochromis, hampigi ubavuni bali anang'ata mkia, anajitikisa mara moja, anarudi. Meno ya mbuna yameumbwa kukwangua mwani kwenye mwamba, na kwenye utando wa pezi yanakata kwelikweli.

Jumamosi, 17 Februari. Kuhamisha mawe, kumeshindwa

Ushauri unaotolewa sana kwa mbuna ni kuvuruga himaya: toa mawe yote, yapange upya, kila mmoja aanze kutafuta makao upya. Nilifanya hivyo tarehe 12. Palitulia kwa muda mfupi. Kisha dume akachagua pembe ya kulia na kuanza upya, na sasa mkia wa zebra mwingine umekatika.

Ushauri huo una msingi pale ambapo madume wawili wanagombania sehemu. Hapa hakuna mgombea. Kuna mmoja mwenye nguvu, na auratus ni kati ya mbuna wakali zaidi wanaouzwa. Nimempeleka kwa mfugaji mwenye tangi kubwa la auratus wengi, majike kwa wingi. Wawili wa njano wamebaki nami, na nitawaangalia rangi, kwa kuwa bado ni wadogo kiasi kwamba siwezi kuapa kwamba wote ni majike.

Jumamosi, 24 Februari. Maji, sehemu ya pili

Tarehe 20 umeme ulikatika kuanzia asubuhi hadi jioni, na nikapata nafasi ya kuona amonia inatoka wapi. Kabla ya kukatika: 0.25. Asubuhi iliyofuata baada ya umeme kurudi: 1. Chujio la kopo limezibwa pande zote, hewa haiingii. Maji yakisimama ndani yake, bakteria wanaokula amonia humaliza hewa iliyomo na kuanza kufa, kisha umeme ukirudi, uchafu wote ule unasukumwa ndani ya tangi. Maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni kama miligramu 7.5 kwa lita hata yakiwa yamejaa hewa kabisa, kwa hiyo hakuna akiba.

Nilichofanya: pampu ya hewa ya betri (Sh 38,000) inayojiwasha umeme ukikatika, na imeunganishwa na ile sponji. Kopo nalifungua umeme ukipita saa moja haujarudi, natoa masponji yake na kuyaelesha ndani ya tangi karibu na mapovu. Kabla ya kuwasha tena, maji yaliyobaki kwenye kopo yanamwagwa. Masponji huoshwa kwa maji ya tangi, si ya bomba lenye klorini.

Nitrati: nachanganya nusu ya maji ya kisima na nusu ya bomba. Maji ya bomba ya kwetu yanatoka Mto Ruvu, na kipimo kilisoma nitrati 5 hivi, ila ni laini zaidi kuliko mbuna wanavyotaka. Nusu kwa nusu inanipa nitrati ya kama 22 bila kupoteza ugumu wote. Nayalaza siku nzima na kijiwe cha hewa ili klorini itoke. Kama bomba la kwenu lina kloramini (klorini iliyoungana na amonia), kulaza hakutoshi. Tumia dawa ya kuondoa klorini inayosema wazi kwamba inashughulikia kloramini na amonia.

Zebra wa kikapuni nimemhamishia beseni lenye chumvi gramu 3 kwa lita. Ipime kwa mizani. Kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi ya unga si uzito mmoja. Iyeyushe pembeni, kisha itie kidogokidogo kwa saa kadhaa. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji ya tangi imeshusha joto kwa nyuzi 2, ila maji yanapungua haraka na inabidi kuongeza.

Jumamosi, 2 Machi. Ule mpasuko mmoja

Karibu niusahau. Pezi la kifuani lililopasuka kufuata kijiti halikuwa kazi ya dume wala ya maji. Nilichukua soksi ndefu ya kike, nikaivuta juu ya kila jiwe na kila pambo. Jiwe moja la matumbawe lilinasa uzi upande unaotazama ufa ambao labidochromis yule hulala. Nimelisugua kwa tupa na msasa (Sh 6,000) hadi soksi ikapita. Mpasuko ulikuwa tayari umeanza kujifunga wenyewe.

Jumamosi, 23 Machi. Ilipofikia

Amonia 0, nitriti 0, nitrati 25, pH 8.1. Umeme umekatika tena tangu pampu ifungwe, na amonia haikupanda.

Labidochromis wote watatu wana mikia kamili. Wawili rangi imerudi, mmoja bado ana ukanda usio na rangi. Zebra aliyekatika mkia mwanzoni amepona. Yule aliyeumwa baada ya kuhamisha mawe, mkia wake unaota umepinda upande wa juu. Jeraha lake lilifika karibu na shina, na hapo pezi haliahidi kurudi lilivyokuwa. Zebra wawili wa ukingo mweupe wamerudi tangini, mstari haupo, utando umejaza nafasi kati ya vijiti.

Gharama: kipimo 135,000, OTC 4,500, beseni 9,000, vikapu 7,000, pampu ya betri 38,000, chumvi 1,500, tupa na msasa 6,000. Jumla Sh 201,000. Mwenye kuweza kuazima kipimo anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii kwa vikapu, soksi na simu aliyonayo.

Kilichobaki: mmoja wa auratus wawili ameanza kuwa na moshi tumboni. Kikapu kipo tayari, na ninampiga picha kila Jumamosi.